Nguzo Chini ya Udongo: Nyumba za Miti katika Historia ya Pemba

Mtu aendaye Pemba kutafuta mambo ya kale huonyeshwa mawe. Hupelekwa Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, akaone kuta za msikiti na makaburi yenye minara. Hupelekwa Pujini, akaone boma ambalo mapokeo hulinasibisha na Mkame Ndume. Hupelekwa Chwaka, jirani na kijiji cha Tumbe, akaone misikiti iliyobomoka na makaburi yaliyozungukwa na magugu. Huyatazama, huguswa na ukiwa wa mahali hapo, kisha hurudi zake mjini. Njiani hupita mbele ya nyumba nyingi za miti na udongo, zilizosimama juu ya vilima katikati ya mikarafuu na minazi, wala hapana amwambiaye kuwa hizo nazo ni mambo ya kale. Kwamba namna ya ujenzi wake ilikuwapo kisiwani kabla ya jiwe la kwanza la Ras Mkumbuu kuwekwa juu ya jingine.

Dharau hiyo haikuanza leo. Waandishi wa zama za ukoloni walioandika juu ya magofu ya Pemba, kama F. B. Pearce katika kitabu chake cha mwaka 1920 na W. H. Ingrams katika chake cha mwaka 1931, walivutwa na mawe. Hata James Kirkman, aliyechimba Ras Mkumbuu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1959, alikwenda mahali ambapo kuta zilikuwa zimesimama. Si ajabu, kwani jiwe huonekana na udongo hauonekani. Lakini katika kuandika kwao liliingia wazo jingine lililodhuru zaidi, nalo ni kwamba mwenye jumba la mawe alikuwa mgeni mstaarabu aliyetoka ng'ambo, ilhali mwenye nyumba ya udongo alikuwa mwenyeji aliyekuwa akitazama tu historia ikipita mbele ya mlango wake. Kwa hesabu hiyo, pasipo na magofu hapana historia, na wengi wa watu wa Pemba, ambao kizazi baada ya kizazi waliishi katika viwambaza vya udongo, walibaki nje ya kitabu.

Kilichoanza kubadili hesabu hiyo ni shimo la nguzo.

Nguzo ikichimbiwa ardhini, kisha ikaoza au ikang'olewa, pale ilipokuwa hubaki alama. Udongo uingiao shimoni huwa tofauti na ule wa pembeni: huwa mweusi zaidi, au mlaini zaidi, au wenye vipande vya mkaa na vigae. Mchimbaji mwenye subira akikwangua ardhi taratibu huziona alama hizo zikijitokeza moja baada ya moja, duara nyeusi juu ya udongo mwekundu, mpaka zifanye mstari, na mstari ufanye chumba. Nyumba yenyewe haipo, lakini ramani yake imeandikwa chini.

Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, mji mkongwe uliomo katika kisiwa cha Pate, Kenya. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mashimo ya nguzo ya msikiti mwingine mdogo, uliojengwa kwa miti katika karne ya 8. Msikiti huo ulijengwa upya mara kadhaa mahali pale pale, kila mara kwa miti na udongo, hata ilipofika karne ya 10 ndipo ukasimamishwa wa mawe. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Waislamu wa mwanzo wanaojulikana katika pwani hii hawakungoja jumba la mawe ndipo wasujudu. Walichimbia nguzo, wakaezeka, wakaelekea kibla. Jiwe lilikuja baadaye, likafuata mipaka iliyokwisha kuchorwa na miti.

Pemba nayo ikapata zamu yake. Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher waliandika mwaka 1999 juu ya nyumba hizi za miti na udongo, wakazieleza kuwa ni makazi ya wengi waliofichika katika elimu ya mambo ya kale ya Waswahili. Badala ya kwenda kwenye kuta zinazoonekana, walichimba mashimo madogo madogo kwa vipimo vilivyopangwa, hata katika makonde ambayo juu yake hapakuwa na dalili yoyote. Kaskazini ya kisiwa, huko Tumbe, wakakuta kijiji kikubwa kilichoishi tangu karne ya 7 hadi katikati ya karne ya 10, kimeenea juu ya hekta 20 na zaidi, na nyumba zake zote ni za udongo na makuti.

Lau mawe yangekuwa ndicho kipimo cha maendeleo, Tumbe ingekuwa kijiji cha mafukara. Lakini ndani ya udongo wake mlitoka vigae vya vyombo vilivyoletwa kutoka Ghuba ya Uajemi, na mawe na vigae vyenye mifuo vilivyotumika kusagia shanga za makombe, kwa wingi mkubwa. Watu wale walifanya biashara na ng'ambo, walitengeneza bidhaa, walipika na kukaribisha wageni, na usiku walilala chini ya makuti. Huenda mfanyabiashara wa Ghuba aliyefika Tumbe katika karne ya 9 alikaribishwa katika baraza ya udongo na hakuona kwamba ameshushwa hadhi. Ilipofika mwaka 916, al-Masudi alisafiri kutoka Qanbalu kwenda Omani, na wataalamu wengi wanaona kuwa Qanbalu aliyoieleza ilikuwa Pemba. Kisiwa alichokitaja kilikuwa kisiwa cha nguzo kabla ya kuwa kisiwa cha kuta.

Hata Chwaka, iliyochipuka katika karne ya 11 karibu na pale Tumbe ilipokufa, haikuiacha miti. Mawe yalipewa misikiti na maiti, na wengi wa walio hai waliendelea na viwambaza. Mji mzima wa Waswahili ulikuwa hivyo: mawe machache katikati na udongo mwingi pande zote.

Yafaa basi kuitazama nyumba yenyewe, kwa kuwa mtu akisema "kibanda cha udongo" hudhani ni kitu kilichorundikwa bila ya hesabu. Nyumba ya miti ina kanuni, na fundi aliyeipuuza kanuni mojawapo huumbuliwa na masika ya kwanza.

Kanuni ya awali ni mahali. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na mvua zake ni nyingi. Bonde huachiwa mpunga, na nyumba hupandishwa kilimani, ambako maji hayasimami. Fundi hupiga vigingi na kamba, akapima pande, kisha hunyoosha kamba mbili za mshazari, kutoka pembe hii hadi ile inayoikabili. Zikilingana urefu, pembe zimekaa sawa. Zisipolingana, kigingi husogezwa kabla ya jembe kugusa ardhi, kwani kosa la kigingi hurekebishwa kwa mkono mmoja, na kosa la nguzo hurekebishwa kwa kijiji kizima.

Kanuni ya pili ni mti. Sehemu kubwa zaidi ya mikoko ya Zanzibar imo Pemba, katika hori na ghuba zinazoingia ndani ya kisiwa, na ujuzi wa kuichagua ulikuwa elimu kamili. Mkoko wenyewe, mkandaa na msinzi hutoa miti iliyonyooka, migumu, mizito, ambayo mchwa hauishambulii kwa urahisi. Mchu hupinda na hufaa zaidi kwa kazi nyingine. Miti hukatwa na kutolewa vijitoni kwa kufuata maji, maana maji ya bamvua hukiingiza chombo mahali ambapo maji mafu hukiacha juu ya tope. Kisha huambuliwa magome, ili wadudu wasipate maficho na mti ukauke sawasawa. Na magome ya mkandaa hayakutupwa, bali yalitumiwa kutia rangi na kutengenezea ngozi. Miti yenyewe ina majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mtu akitaja jina, mwenzake ameshajua unene, bei na mahali pake katika nyumba.

Kanuni ya tatu ni shimo. Nguzo hubeba mizigo miwili. Mmoja hushuka, nao ni uzito wa paa. Wa pili husukuma kutoka ubavuni, nao ni upepo wa kaskazi na wa kusi. Mzigo wa kwanza huhitaji ardhi ngumu chini ya nguzo. Wa pili huhitaji kina. Nguzo fupi ya kiwambaza yaweza kutosheka na dhiraa moja ya ardhi na ziada kidogo. Nguzo ndefu ya kati, ichukuayo kilele cha paa, hudai zaidi. Shimo halijazwi mara moja. Hutiwa udongo na mawe madogo kidogo kidogo, na kila tabaka hushindiliwa mpaka lilie kavu, ndipo linalofuata likatiwa. Nguzo iliyojaziwa kwa haraka hucheza, na nguzo ichezayo huipasua nyumba nzima juu yake.

Juu ya nguzo hulazwa mtambaapanya, mti mrefu uendao na urefu wa ukuta, ambao jina lake linatosha kueleza ni nani mwingine aliyeuona kuwa ni njia. Juu ya mtambaapanya huegemezwa makombamoyo, yapandayo hadi kileleni. Juu ya makombamoyo hupigwa pau na fito, na juu ya fito hufungwa makuti, ambayo kwa kawaida husukwa na wanawake, yakianzwa chini na kupandishwa juu ili kila safu ifunike shingo ya safu iliyo chini yake. Paa la makuti hutaka mwinamo mkali. Likilazwa sana, maji hutua, makuti huoza, na mwenye nyumba hulala akihamisha kitanda. Viungo vyote hivi havikupigiliwa misumari, bali vilifungwa kwa kamba za makumbi. Mkoko mkavu hupasuka kwa msumari, na msumari huliwa na hewa ya chumvi. Kamba hukaza, na upepo ukija huacha nyumba itikisike kidogo bila ya kuvunjika.

Hapo ndipo penye siri ya nyumba hii: paa hutangulia ukuta. Huezekwa kwanza, nyumba ikiwa mifupa mitupu, kisha mafundi hufanya kazi iliyosalia kivulini. Fito hufungwa nje na ndani ya nguzo, nafasi iliyo katikati hutomewa kwa mawe na udongo, halafu hukandikwa, mwisho husiribwa. Ukuta haubebi chochote isipokuwa nafsi yake. Ukibomoka upande mmoja, paa halianguki. Nguzo moja ikioza, huwekwa mwega, hung'olewa, na ikatiwa nyingine, na watu wa nyumba hawakuhama. Methali isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta si fumbo tu kwa mtu aliyekulia katika nyumba kama hii. Ni kazi ya kila mwaka baada ya masika.

Upenu nao si pambo. Paa hutokezwa mbele ya ukuta ili mvua ianguke mbali na udongo, na chini ya upenu huo hupatikana baraza, ambapo wageni hukaa, magazeti husomwa, na malumbano ya mashairi hufanyika. Kilichokusudiwa kuulinda ukuta na maji kikawa mahali pa kulindia maneno.

Elimu hii haikuwa ya pwani hii peke yake. Huko Marekani, tangu miaka ya 1930, wakulima walianza kujenga mabanda makubwa ya mifugo na nafaka kwa nguzo zilizochimbiwa ardhini, bila ya msingi wa mawe chini ya kuta. Na leo kuna viwanda vizima vya kutia dawa nguzo hizo na wahandisi wa kukadiria kina cha mashimo yake. Hesabu yao ni ile ile: nguzo ibebe, ukuta ufunike. Tofauti ni kwamba kwao jambo hilo lilihesabiwa kuwa maendeleo, na Pemba lilihesabiwa kuwa umaskini.

Na ng'ambo ya bahari mti wa pwani hii ulijulikana zamani sana. Katika karne ya 10 mwandishi al-Istakhri aliandika kuwa majumba ya Siraf, bandari tajiri ya Uajemi, yalijengwa kwa msaji na mbao zilizoletwa kutoka nchi ya Zanj. Biashara hiyo ya miti ilidumu hata zama za wazee wa juzi. Mwaka 1939 Mwaustralia Alan Villiers alikuwamo katika jahazi la Wakuwaiti lililoingia katika delta ya Rufiji kupakia boriti, na aliandika juu ya kazi ngumu ya mabaharia waliokata na kupakia miti hiyo katikati ya tope na mbu. Katika bara la Arabu lisilo na misitu, boriti za Afrika ya Mashariki zilishikilia dari za watu ambao hawajapata kuuona mkoko ukiwa hai.

Hata jumba la mawe la Waswahili, lile lililotukuzwa vitabuni, lilitii sheria ya mti. Dari yake ilibebwa na boriti, na boriti nzuri haipatikani kwa urefu wowote autakao mtu. Kwa hiyo vyumba vya majumba ya mawe, kuanzia Lamu hadi Unguja, vilikuwa virefu na vyembamba, upana wake ukikaribia mita tatu au pungufu. Tajiri aliweza kuongeza urefu wa ukumbi, akaongeza nakshi na madaka, lakini upana aliuomba kwa mikoko. Chokaa iliyounganisha mawe yake nayo ilichomwa kwa magogo. Ukilivunja jumba la mawe, ndani yake utaukuta msitu.

Karne ya 19 iliipa Pemba sababu nyingine ya kujenga. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika kwa sehemu kubwa, ikawa ndiyo mama wa karafuu. Mashamba yalienea, na mikono iliyoyalima kwa miaka mingi ilikuwa mikono ya watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Shamba la karafuu halikuhitaji nyumba za watu tu. Lilihitaji mabanda ya kuwekea karafuu mvua inapoinyemelea sakafu au jamvi lililoanikwa, maghala ya magunia, na mazizi. Bondeni, mpunga ulihitaji dungu, jukwaa juu ya nguzo nne ambapo mlinzi hukaa kuwafukuza ndege. Yote haya yalikuwa watoto wa nguzo ile ile. Anayetaka kuijua Pemba ya karafuu kwa kutazama majumba ya wenye mashamba tu, ameiona sakafu na hakuwaona walioitandaza.

Katika kisiwa hicho hicho na karne hiyo hiyo waliishi washairi Kamange na Sarahani. Tungo zao hazikuchongwa juu ya jiwe. Zilikaa vinywani na katika madaftari ya watu, zikipokezanwa, mpaka zilipokusanywa katika kitabu kilichotoka mwaka 2011. Zilidumu kama nyumba ya miti idumuvyo: kila kizazi kilibadilisha nguzo iliyochoka, na nyumba ikabaki ile ile.

Mfano huo haukutoka mbali. Neno "ubeti" asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, na hapo zamani, kwa Mwarabu wa jangwani, nyumba hiyo ilikuwa hema. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni mwenye asili ya Omani aliyeishi Basra katika karne ya 8, alipoiwekea sayansi mizani ya mashairi ya Kiarabu, vipande vyake alivipa majina ya viungo vya makazi: kigingi, kamba, na upande wa mlango kwa nusu ya mstari. Karne hiyo hiyo, huko Shanga, watu walikuwa wakichimbia nguzo za msikiti wao mdogo. Wote walijua kuwa kitu hakisimami kwa wingi wa vitu vilivyowekwa ndani yake, bali kwa namna viungo vyake vinavyoshikana.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, serikali ilitaka kumtoa mwananchi katika nyumba ya udongo, na katika miaka ya 1970 majumba ya ghorofa yakasimama Chake Chake, Wete na Mkoani. Nia yake haikuwa mbaya. Watu walioishi katika udongo hawakuwa wakiishi katika shairi. Makuti hushika moto upesi, na moto wa nyumba moja huweza kuwa wa mtaa. Mchwa hupanda, panya hutembea, nyoka hujificha. Kila baada ya miaka michache paa hutaka makuti mapya, na kila baada ya masika ukuta hutaka mikono, na mikono ya vijana imekwenda Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Maskati. Mwenye kuezeka bati na kujenga kwa matofali ya saruji hakufanya hivyo kwa kudharau mababu, alichoka. Mtu asiyelala chini ya paa linalovuja hana haki ya kumlaumu.

Lakini hasara nayo ihesabiwe. Bati huwaka kama chungu wakati wa adhuhuri, na mvua ikinyesha watu hawasikilizani. Saruji ikisiribwa juu ya ukuta wa udongo huuzuia usipumue; unyevu hunaswa ndani, na baada ya muda ganda la saruji hubanduka na kipande cha ukuta. Ugonjwa huo huo umeziumiza kuta za chokaa za Mji Mkongwe wa Unguja, na huko wataalamu wakaupigia kelele, kwa kuwa mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kwa ukuta wa udongo wa Pemba hapana aliyepiga kelele.

Mikoko nayo haikubaki ilivyokuwa. Boriti, kuni, mkaa na tanuri za chokaa viliila pole pole. Kenya ilizuia kuuza boriti nje mwaka 1982, na Zanzibar ilitunga Sheria namba 10 ya mwaka 1996 ya kusimamia na kuhifadhi misitu, na ukataji ukawa wa ruhusa. Ni sawa iwe hivyo, kwani hori lisilo na mikoko halina samaki wachanga wala ngao ya kuzuia mawimbi. Wajenzi wengi sasa hutumia mvinje, ambao hukua upesi na kunyooka vizuri, lakini ukichimbiwa ardhini bila ya dawa haustahimili kama mkandaa. Kwa hiyo kanuni za zamani hazina budi kuongezewa mpya. Nguzo ya mvinje na itiwe dawa, au isimamishwe juu ya kitako cha mawe au zege kilichopanda juu ya ardhi, na hapo iongezewe miti ya mshazari, kwa kuwa nguzo isiyozama ardhini haiwezi peke yake kupambana na upepo. Palipo na bati, paa lipandishwe na hewa iachiwe njia. Upenu usipunguzwe. Ukuta wa udongo usiribwe kwa udongo au chokaa. Njia za udongo ambazo mchwa huzijenga kuipanda nguzo zikwanguliwe kila zionekanapo. Haya si mambo ya kurudi nyuma. Ni kuichukua hesabu ya wazee na kuifanyia kazi kwa miti ya leo.

Linalohofiwa zaidi si nyumba kuanguka, kwa sababu nyumba hizi siku zote zimeanguka na kuinuliwa. Linalohofiwa ni kuwa safari hii zitaanguka pamoja na majina yake. Kijana wa leo mjini analijua bati, tofali na nondo. Ukimwambia mtambaapanya hucheka, ukimwambia kombamoyo hudhani ni ugonjwa. Msamiati wa nyumba ni sehemu ya msamiati wa lugha, na lugha ya Pemba imetunza maneno mengi kwa sababu watu waliendelea kuvishika kwa mikono vitu vyenye maneno hayo. Jumba la mawe likibomoka, gofu lake hulinda kumbukumbu kwa karne tano au zaidi. Nyumba ya miti haina gofu. Kumbukumbu yake imo katika mikono ya fundi na katika mdomo wake, na fundi akifa bila ya mwanafunzi kinachosalia ni duara nyeusi ardhini.

Kuna jambo moja ambalo wachimbaji wa mambo ya kale hulijua. Kiwambaza kikibomoka kwa mvua hurudi kuwa udongo, na hakitambulikani tena. Lakini nyumba ikiungua, moto huukausha udongo wa ukuta ukawa kama chungu, na vipande vyake hubaki na alama za fito zilizokuwa ndani, hata upana wa kila ufito ukaweza kupimwa baada ya miaka 1,000. Kwa hiyo nyumba inayosomeka vizuri zaidi katika historia ni ile iliyompata mwenyewe na msiba. Zile zilizoishi salama, zikazaliwa ndani yake watoto, zikaozeshwa ndani yake mabinti, zikazeeka taratibu na kubadilishwa nguzo kwa zamu, hizo hazikuacha kitu.

Nazo ndizo nyumba nyingi za Pemba. Hazihitaji moto ndipo ziandikwe. Bado wapo wazee wanaojua kina cha shimo na jina la kila mti, na bado yapo mabaraza ya kukaa na kuwauliza.